Mvua zikikatika Mbeya, wadudu gani wanakula kwenye maua na nitawaangaliaje?

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Uyole, nalifupisha kidogo: "Shikamoo mzee. Nimeona vidio ya Waingereza wanakaa bustanini mwezi wa tisa na wa kumi wanaangalia nyuki na vipepeo wanakula kwenye maua ya mwisho mwisho kabla baridi yao haijaingia, nikatamani kufanya hivyo na wanangu wawili wako shule ya msingi. Huku kwetu ni miezi gani, tukae kwenye mmea gani, na nitajuaje nani anakula nini? Afu kuna kitu kinanisumbua, kwa mama mkwe Umalila wanalima pareto, na pareto ndo inatengenezewa dawa ya kuua wadudu, sasa mbona naona wadudu wanatua kwenye maua yake na hawafi? Na nyuki hawatang'ata watoto? Ndaga fijo."

Marahaba mama, ndaga na wewe. Umeuliza mambo matano kwa mpigo na la pareto ndo tamu kuliko yote, nitalifikia, ila tuanze na miezi maana hapo wengi wanakwama, anaangalia vidio ya nje afu anatoka na kalenda ya nje.

Wale kwao kuanzia mwezi wa tisa mpaka wa kumi na moja joto linaondoka, majani yanapukutika, na mimea yenye maua inabaki ya kuhesabu. Mmojawapo ni ule unaotambaa ukutani wanauita aivi, huo unachanua wakati mengine yote yameshamaliza, kwa hiyo nyuki, nyigu, nzi na vipepeo wanajazana hapo hapo. Kuna mpaka nyuki mmoja wa mwituni ambaye maisha yake amefungamanisha na maua ya aivi, wanasayansi walimtambua kama spishi peke yake mwaka 1993 na Uingereza akaonekana mara ya kwanza mwaka 2001. Kwao ni sherehe ya mwisho kabla ya baridi kali.

Huku mwezi wa tisa na wa kumi ni vumbi tu, kanda ya juu pamekauka, na kama kuna sherehe basi iko Chunya kwenye miombo ambako miti inatoa majani mapya na maua kabla hata mvua haijanyesha, wafuga nyuki wa kule wanaujua msimu huo vizuri. Ya kwenu Uyole ni mvua zinapokatika. Mvua zetu zinaanza kama Novemba, zinapiga msimu mmoja mrefu, Aprili zinalegea, Mei zinaaga, na hapo udongo bado una maji, jua limerudi, nyasi zimeanza kugeuka rangi, na kila mmea uliokuwa unanenepa miezi yote hiyo unakimbilia kuchanua utoe mbegu kabla ukame haujaukuta. Kwa hiyo we panga katikati ya mwezi wa nne mpaka mwanzoni mwa mwezi wa sita. Ukichelewa mpaka wa saba utakuta baridi tu na nzi wawili watatu.

Utasikia mtu anakwambia mpeleke watoto Kitulo, "bustani ya Mungu". Ni kweli kwa maua hamna kama Kitulo, imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2005, iko mita kama 2,600 juu, na okidi zake watu wanatoka mbali kuja kuziona. Lakini kule kilele cha maua ni kuanzia Desemba mpaka Aprili mvua ikiwa inanyesha, ikifika Juni usiku umande unaganda nyasi zinakuwa nyeupe, na upepo wake kwa mtoto wa darasa la tatu anayetakiwa kukaa chini atulie, mh. Kwa kuangalia wadudu mimi nachagua ukingo wa barabara ya vumbi hapo hapo Uyole na gharama yake ni sifuri.

Sasa nitajuaje nani anakula nini. Jambo moja tu ulishike: usimfukuze mdudu, kaa kwenye ua, na uangalie mdomo wake, mabawa achana nayo kwanza. Watu wote wanaanza na rangi za mabawa, wanakimbia na simu mkononi kumfuata kipepeo, mwisho wa siku wana picha hamsini za ukungu na hawajui chochote. Ua lina kina chake, mdudu ana urefu wa ulimi wake, hivyo viwili vikikutana ndo chakula kinapatikana. Nzi ana kitu cha kufyonzea kimekaa kama sponji, analamba tu juu juu, kwa hiyo anahitaji ua lililo wazi. Nyuki wa asali ulimi wake ni milimita kama sita, anaingia ua la kina cha wastani. Kipepeo ana mrija anaukunja kama spring'i chini ya kichwa, akitua anaukunjua anauchomeka. Mbawakawa yeye ana meno, hana habari na kufyonza, anatafuna chavua na mara nyingine anatafuna ua lenyewe. Watoto wakishalijua hilo, wataanza wenyewe kubishana "huyu analamba, huyu anachomeka, huyu anatafuna", na hapo kazi yako imekwisha, we kaa pembeni kunywa chai.

Mmea wa kuanza nao ni alizeti pori. Unaujua, ile mirefu kuliko mtu yenye maua ya njano makubwa, imejipanga kwenye kingo za barabara na mipaka ya mashamba, wengine wanakata majani yake kuwa mbolea. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati lakini imeshakuwa mwenyeji. Uzuri wake, lile unaloliona kama ua moja ni vijiua vingi vimebanana kwenye kitako kimoja, zile petali za njano za pembeni ni bango tu la kuitia wateja. Sogea karibu, uso wako uwe kama kipimo cha mkono kutoka kwenye ua, uangalie ile duara ya katikati. Utaona vijiua vya nje vimefunguka, vya ndani bado vimefumba, vinafunguka kwa zamu kutoka ukingoni kwenda katikati, kila siku pete mpya. Na nyuki akitua utamwona anatembea kwa kuzunguka, hakatizi, anaenda na ile pete iliyofunguka leo, anachomeka kichwa, anatoa, hatua moja, anachomeka tena, mpaka amalize mzunguko ndo anaruka. Kijiua kikifunguka kinaanza kwa kusukuma chavua nje na baadaye ndo sehemu yake ya kike inafunguka vipande viwili vimejikunja, kwa hiyo kwenye ua moja una pete ya wanaotoa na pete ya wanaopokea. Mwambie mtoto aonyeshe kwa kijiti pete ya leo ni ipi. Atakuja kukwambia kesho imehamia wapi.

Ukishamwona nyuki anazunguka, angalia chavua anabebea wapi. Nyuki wa asali anaibeba kwenye miguu ya nyuma, utaona vidonge viwili vya njano au vya chungwa. Ukimwona nyuki mwingine wa ukubwa huo huo, miguu mitupu lakini tumbo lake kwa chini limepakaa njano lote, na akiwa kwenye ua analinyanyua tumbo juu juu, huyo siyo wa mzinga, huyo ni yule anayekata majani. Nenda kaangalie majani ya mawaridi yako, kama yana vipande vimekatwa vya mviringo safi kabisa kama vimekatwa na mkasi, ni yeye, anaenda kujengea vyumba vya watoto wake. Anaishi peke yake, hana kundi, hana asali ya kulinda, ndo maana wala hana ugomvi na mtu. Usimpulizie dawa kisa majani ya waridi, waridi halitakufa.

Na yule nyuki mnene wa manyoya uliyemwona kwenye vidio, usihangaike kumtafuta, Afrika kusini mwa Sahara huyo hayupo kabisa kwa asili. Mkubwa wetu ni yule mweusi anayetoboa mbao za paa na nguzo, anayenguruma mpaka unainamisha kichwa. Kuna aina ambayo jike ni jeusi lina mikanda ya njano au nyeupe, na dume ni la njano mwili mzima, watoto watadhani ni wadudu wawili tofauti. Dume la nyuki, la aina yoyote ile, halina mwiba. Linakutisha tu, linakuja usoni linasimama hewani linakuangalia, basi.

Huyo mkubwa utamwona kazini vizuri zaidi kwenye marejea. Kama jirani yako amepanda marejea kurutubisha shamba, na nyanda za juu kusini wanaopanda ni wengi, muombe ukae pembeni mwa shamba lake yakichanua. Ua la marejea ni la njano, umbo lake ni la jamii ya maharage, lina petali mbili za chini zimeungana zimekuwa kama mkoba uliofungwa, na chavua yote iko ndani ya huo mkoba. Nzi anatua, anahangaika, anaondoka hajapata kitu. Nyuki wa asali anapambana. Lakini huyu mweusi akitua ule uzito wake na ile miguu yake inausukuma mkoba chini, na kwenye ncha ya mkoba inachomoza chavua kama dawa ya meno inavyotoka kwenye tyubu, inampaka tumboni. Inachukua chini ya sekunde moja kwa hiyo lazima ukae umetulia na uchague ua moja usilihame. Ukitaka kuwaonyesha watoto bila kumsubiri, bonyeza mkoba chini taratibu kwa kidole, utaona mwenyewe.

Kwenye marejea hayo hayo kuna jambo jingine la ajabu kidogo. Yule kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye ncha za mabawa nyeusi zenye madoa meupe, anayeruka taratibu kama hana haraka na dunia, utamkuta mara nyingine hayuko kwenye ua, yuko kwenye jani lililoumia au ganda lililokauka, mrija umeshuka, anafyonza. Wengi wanadhani anakunywa umande. Ni dume, na anachotafuta ni sumu chungu ya mmea, anaihitaji kutengenezea harufu ya kumvutia jike. Hiyo taratibu yake ya kuruka nayo ina sababu: kiwavi wake alikula mimea yenye utomvu mweupe wa sumu, ile sumu ikabaki mwilini, na ndege aliyewahi kumwonja harudii. Kuna kipepeo mwingine wa aina tofauti kabisa ambaye jike lake limevaa rangi hizo hizo ili naye aheshimiwe bure. Hao wawili kuwatofautisha ni kazi, ukipata picha za mabawa vizuri nitumie tuzungumze.

Kishona nguo sitakaa nacho sana, kipo kila mahali, watoto wanakijua kwa mbegu zake zinazong'ang'ania soksi. Maua yake ni madogo na mafupi kwa hiyo hapo ndo utawaona wenye ndimi fupi, hasa wale nzi wanaojifanya nyuki. Nisimame kwao kidogo. Wana mistari ya njano na nyeusi, wanasimama hewani hawasogei, mtoto anapiga kelele "nyuki!". Mwambie ahesabu mabawa, nzi ana mawili na nyuki manne, ila kwa ukweli mabawa ya nyuki huwa yameshikana hayahesabiki kirahisi, kwa hiyo njia nyepesi ni vipapasio: nyuki ana viwili vinavyoonekana vimekunjwa kiwiko, huyu wa kwake ni vifupi mno karibu huvioni, na macho yamechukua kichwa chote. Hana mwiba wala hang'ati. Na funza wa baadhi yao wanakula vidukari kwenye mboga zako, yaani ni mfanyakazi wa bure shambani.

Kuna mmoja tu ambaye nataka watoto wasimguse kabisa. Ni mbawakawa mweusi mwenye mikanda ya njano au nyekundu mgongoni, urefu kama kiungo cha kidole, anakaa juu ya ua wazi mchana kweupe anatafuna petali bila wasiwasi wowote. Huo ujasiri ndo onyo lenyewe. Ukimshika anatoa majimaji yenye kemikali inayotoa malengelenge kwenye ngozi, na mkono ukienda jichoni ni balaa. Kwenye maharage wakulima wanamchukia kwa sababu anakula maua na ua likishaliwa hamna ganda. Ila watoto wake wanakula mayai ya panzi ardhini, kwa hiyo mimi kwake nina kauli mbili. Akiguswa kwa bahati mbaya, osha na sabuni na maji mengi, basi.

Halafu utakuta kipepeo au nyuki ametulia kwenye ua muda mrefu mno, unamsogelea haruki. Chungulia chini yake. Mara nyingi kuna buibui mdogo, mweupe au wa njano kufuata ua, miguu ya mbele ameipanua kama kaa, amemshika shingoni. Huyo buibui hajengi utando, yeye anakaa tu kwenye meza ya wenzake anasubiri. Binti yako kama ni wa huruma mwandae mapema.

Ukipata ule mmea mrefu wenye shina la pembe nne, maua ya chungwa yamekaa kwenye mipira yenye miiba imepangana ngazi ngazi juu ya shina, ambao watoto wa kijijini wanachomoa ua wanafyonza sukari yake, kaa hapo pia asubuhi moja. Lile ua ni refu, jembamba, limepinda, halijatengenezwa kwa ajili ya mdudu, limetengenezwa kwa ajili ya chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda na manyoya yanayong'aa. Chozi akiingiza mdomo, paji la uso linapakwa chavua. Sasa angalia nyuki mweusi mkubwa akija. Ulimi wake haufiki, anafanyaje? Haingii mlangoni kabisa, anaenda kwenye kitako cha ua, anapasua mpasuo mdogo kwa pembeni, anafyonza, anaondoka. Amekula na hajalipa, maana hakugusa chavua. Baadaye nyuki wadogo nao wanakuja kutumia ule ule mpasuo. Chunguza vitako vya maua yaliyodondoka chini, utaona ule mkato. Mimi kitu hiki ndo kinanifanya nisikubali yule mtu anayeandika kila mdudu kwenye ua ni "mchavushaji". Wengine ni wachavushaji, wengine ni wezi, wengine wamekuja kuwinda, na wengine wamekuja kuota jua tu.

Kuota jua siyo utani. Mbeya mko mita kama 1,700, asubuhi za mwezi wa tano na wa sita zinauma, na mdudu hana joto lake la mwilini kama sisi. Nyuki wa asali joto likiwa chini ya nyuzi kumi hivi hatoki mzingani. Vipepeo utawaona wamefungua mabawa bapa wakielekea jua, hawali, wanapasha mwili. Yule nyuki mkubwa anaweza kutetemesha misuli ya mabawa bila kuruka mpaka apate joto, ndo maana anawahi kuliko wengine. Kwa hiyo msitoke saa moja asubuhi mkapigwe baridi bure. Tokeni saa nne, mkae mpaka saa saba au saa nane, baada ya hapo upepo unaanza kusumbua. Kama una maua meupe marefu yanayonukia usiku, rudini tena giza linapoingia, kama saa moja kasoro, kuna nondo mkubwa wa kijivu anakuja anasimama hewani mbele ya ua bila kutua na kunyoosha ulimi wa sentimita kama kumi. Kiwavi wake mnamjua, ni lile jitu lenye kipembe mkiani linalomaliza majani ya viazi vitamu.

Haya, pareto. Jicho lako liko sawa, wadudu wanatua na hawafi, hasa nzi na mbawakawa wadogo wadogo. Sababu ni mahali ile sumu inapokaa. Pareto nayo kama alizeti pori ni vijiua vingi kwenye kitako kimoja, petali nyeupe pembeni na njano katikati. Ile sumu haiko kwenye nekta wala haijapakwa juu ya petali, karibu yote iko chini kwenye mbegu changa, ndani ya vifuko vidogo vya mafuta. Mdudu anayelamba juu au kuokota chavua hafiki huko. Ni yule atakayetaka kutafuna mbegu ndo atakayekutana nayo, na kwa mmea hilo ndo la maana, unalinda watoto wake huku mlango wa wageni umeuacha wazi. Tena mlango lazima uwe wazi, maana pareto haiwezi kujichavusha kwa chavua yake yenyewe, bila mdudu wa kuhamisha kutoka mmea mmoja kwenda mwingine mbegu haikomai. Yaani ua la dawa ya kuua wadudu linawategemea wadudu lizae.

Ndo maana kiwandani, kama kile cha Mafinga, lazima maua yakaushwe, yasagwe, afu dawa ichujwe kwa kemikali, kukamua peke yake haitoki. Na mama mkwe wako akikwambia chuma pale petali nyeupe zimelala bapa na safu chache tu za njano za pembeni zimefunguka, msikilize, kiwango cha sumu kinakuwa kizuri hapo. Ukitaka kuwaonyesha watoto, tafuta ua moja alilokuruhusu, lipasue katikati kwa wembe, utaona safu ya vimbegu chini ya vijiua. Wanawe mikono wakimaliza, wapo watu pareto inawawasha ngozi. Kitu kimoja tu, dawa ikishatengenezwa haichagui. Ikipuliziwa mchana kwenye maharage yaliyochanua itaua nyuki sawa sawa na inavyoua mdudu mharibifu, japo yenyewe jua linaivunja upesi kuliko dawa nyingi za kiwandani. Jirani anayepulizia, mwombeni apulizie jioni nyuki wakisharudi.

Kuhusu namna ya kukaa, wale Waingereza wana utaratibu mzuri ambao mnaweza kuuiga bila vidio: wanachagua mraba wa nusu mita kwa nusu mita wenye maua ya aina moja, wanakaa dakika kumi, wanahesabu kila mdudu anayetua ndani ya mraba kwa makundi, siyo kwa majina. Kata vijiti vinne au tumia kamba. Mmoja anaangalia, mmoja anaandika kwenye daftari, saa ya simu inalia, wanabadilishana. Makundi yenu yawe nyuki wa asali, nyuki wengine, nzi, vipepeo na nondo, mbawakawa, nyigu, na "sijui". Kundi la sijui liachwe liwe kubwa, hamna aibu. Wiki ijayo mraba ule ule, saa ile ile. Picha ukipiga, piga ya ubavu inayoonyesha mdomo na ya mgongoni, afu kama una bando kuna programu ya iNaturalist ukiweka picha inakupendekezea jina, ila kwa wadudu wa huku jina la mwisho usiliamini haraka, liamini kundi.

Na kung'atwa. Nyuki aliye kwenye ua yuko kazini, hana nyumba ya kulinda hapo, atakuuma ukimkanyaga, ukimbana kwenye nguo au ukimshika. Hatari ya nyuki wetu iko mzingani, na hao wa Afrika wakichokozwa nyumbani kwao wanatoka wengi na wanafuata mbali. Kwa hiyo kabla hamjakaa, angalia wanapoelekea wakiruka: kama wote wanaingia na kutoka kwenye tundu moja la mti, la ukuta au la kichuguu, hameni, hata kama maua ya hapo ni mazuri vipi. Msijipulizie pafyumu, msipige piga mikono hewani, msikae katikati ya njia yao. Mtoto akichomwa mmoja, kwangua mwiba utoke haraka hata kwa ukucha, haraka ndo muhimu kuliko namna, osha, weka kitu cha baridi. Akianza kuvimba uso au midomo, kutoka vipele mwili mzima au kupumua kwa shida, hapo hakuna kusubiri wala kupaka kitunguu, bodaboda mpaka hospitali saa hiyo hiyo. Na akichomwa na wengi kwa pamoja peleka hata kama anaonekana mzima.